Mashine ya Ushirika na Njia Nyembamba ya Intaneti

Kutoka Uganda



Katika mashamba ya chai ya Uganda magharibi, kuanzia Fort Portal na Kyenjojo hadi Bushenyi, wafanyakazi wengi wameanzisha vyama vyao vya kuweka akiba na kukopa. Vyama hivi ni biashara ndogo, lakini ni biashara yetu. Mchumaji hutoa kidogo kila mwezi, na siku mtoto akiugua au karo ikidaiwa, hukopa kwa wenzake kwa riba nafuu badala ya kumwendea mkopeshaji anayengoja nje ya lango siku ya mshahara. Vyama vingine vina na duka la unga, sabuni na chumvi.

Zamani hesabu zote ziliandikwa katika daftari moja kubwa la mweka hazina. Siku hizi vyama vingi vinatumia kompyuta, na hapo limezuka swali ambalo tunaulizwa karibu kila tunapotembelea matawi. Hesabu za chama ziwekwe wapi? Ziwe katika mashine yetu wenyewe, ndani ya ofisi yetu, au ziwe katika mashine za kampuni zilizo mbali, ambazo karani huzifikia kwa intaneti kwa malipo ya kila mwezi?

Jibu letu ni hili: mahali ambapo njia ya intaneti ni nyembamba, hesabu zikae pale walipo wenye mali, na njia ichukue yale tu ambayo hayana budi kutoka. Hapa chini tunaeleza sababu, na jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

SEVA NI KITU GANI

Wako wanaodhani seva ni mtambo mkubwa wa kuwekwa katika nyumba ya pekee. Sivyo. Seva ni kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ili kuzihudumia kompyuta nyingine. Ya chama kidogo yaweza kuwa mashine isiyozidi ukubwa wa kitabu kinene, imewekwa juu ya rafu, bila kioo wala kibao cha kuandikia. Karani wa akiba, karani wa mikopo na muuza duka, kila mmoja ana kompyuta yake, na wote wanasoma na kuandika katika kitabu kimoja kilichomo ndani ya mashine hiyo. Programu ya kuiendesha si lazima inunuliwe: Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuitoa mwaka 1991, hutumika bure, na ndiyo inayoendesha seva nyingi sana duniani.

Waya wa ndani ya ofisi, kutoka kwa karani hadi kwenye seva, ni wa kawaida na bei yake si kubwa. Waya huo huweza kupitisha megabiti 1,000 kwa sekunde, mradi usizidi mita 100. Kumbukeni tarakimu hiyo, maana sasa tunakwenda kwenye njia ya nje.

HESABU YA NJIA

Sisi tunaoandika haya tulisoma shule ya msingi tu, lakini kwa jambo hili kuzidisha na kugawa kunatosha.

Anayeuza intaneti hutangaza kasi moja kubwa. Lakini kuna kasi mbili: ya kushusha, yaani kuleta vitu kwetu, na ya kupandisha, yaani kupeleka vitu nje. Katika njia nyingi za bei nafuu kasi ya kupandisha ni ndogo mara nyingi kuliko ile ya kushusha, na tangazo husema ile kubwa. Mwenye kutazama sinema hana habari, kwa sababu yeye hushusha tu. Mwenye seva hupandisha, na kwake ile kasi ndogo ndiyo kasi yenyewe.

Jambo la pili, kasi hupimwa kwa megabiti, na ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Basi njia inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 8 kupeleka megabaiti moja, hapo hata hatujahesabu kuchelewa kwa njiani.

Sasa tupige hesabu. Picha moja ya simu yaweza kuwa megabaiti 3. Karani akipeleka picha 40 za vitambulisho, hizo ni megabaiti 120, yaani sekunde 960, au dakika 16 ambazo njia yote imezibwa. Kama chama kina faili za jumla ya megabaiti 4,000, kuzipeleka zote nje kutachukua sekunde 32,000, karibu saa 9. Faili hizo hizo, kwa ule waya wa ndani, hesabu yake ni sekunde 32; hata kama diski itachelewesha, ni jambo la dakika chache.

Lakini tazameni upande mwingine. Mstari mmoja wa hesabu, wenye namba ya mwanachama, tarehe, kiasi na jina la karani, hauzidi herufi 200. Chama chenye wanachama 1,000, kila mmoja akiweka akiba mara moja kwa mwezi, kina mistari 1,000. Hiyo ni herufi 200,000, yaani sehemu ya tano tu ya megabaiti moja. Akiba ya mwezi mzima ya watu elfu moja ni nyepesi kuliko picha moja ya simu!

MAJANI MABICHI NA CHAI KAVU

Mchumaji wa chai hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa analiona kila siku. Majani mabichi hayapelekwi Mombasa. Yangefungwa katika lori yakiwa mabichi, yangeoza njiani, na nauli ingemaliza faida. Ndiyo maana kiwanda hujengwa karibu na shamba. Kilo nne na nusu hadi tano hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, na hiyo kavu ndiyo inayosafiri hadi kwenye mnada wa Mombasa.

Basi kompyuta ifuate desturi hiyo hiyo. Kazi nzito, yaani kutafuta jina, kupiga riba, kutunza picha za vitambulisho na fomu zilizotiwa sahihi, ifanyike hapa hapa ofisini. Kinachotoka nje kiwe chai kavu: jumla za siku, mistari mipya, na uthibitisho wa fedha zilizotumwa kwa simu.

Na huko nje kwenyewe njia yetu inapita pale pale inapopita chai. Uganda haina pwani. Maneno yetu husafiri kwa waya wa nchi kavu kupitia kwa majirani mpaka kwenye mikongo ya baharini iliyofika pwani ya Afrika Mashariki: TEAMS na SEACOM mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine. Tena mwezi wa Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima kwa siku karibu tano kwa amri ya serikali. Mchumaji wa Kyenjojo hana mkono katika mkongo wa baharini wala katika amri hiyo. Lakini mtoto wake akiugua siku hiyo, atakuja kuomba mkopo.

YALIYOTUKIA KATIKA CHAMA KIMOJA

Tulitembelea chama kimoja ambacho hatutakitaja jina, ambacho hesabu zake zote zilikuwa mbali. Juma la kufungua shule, njia ya intaneti ilikatika siku tatu. Fedha zilikuwa sandukuni. Karani alikuwa mezani. Wanachama walikuwa foleni tangu saa moja asubuhi. Lakini hakuna aliyeweza kusema nani ana akiba kiasi gani, wala nani bado anadaiwa mkopo wa zamani. Kamati iliogopa kutoa fedha kwa kukisia, nasi hatuwezi kuilaumu, kwa sababu fedha si zao peke yao.

Baadhi ya wanachama walisubiri. Wengine walikwenda langoni kwa mkopeshaji, wakaacha kadi zao za benki kama rehani, na mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyetangulia kuuchukua mshahara. Siku tatu za intaneti ziliwagharimu miezi ya kulipa riba. Watu hao walikuwa na akiba yao wenyewe ndani ya sanduku, hatua kumi kutoka mahali waliposimama.

Ndugu, hili ndilo jambo la kufikiriwa kabla ya kuzungumza bei ya mashine. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba daftari usiloweza kulifungua siku ya shida halitofautiani sana na daftari lisilokuwapo.

KUPELEKA NAKALA USIKU

Wengine watauliza, je, ofisi ikiungua? Je, mwizi akivunja mlango akachukua mashine? Swali hilo ni la haki. Kwa sababu hiyo hatusemi kila kitu kikae ndani na kufungiwa. Tunasema kitabu kikae ndani, na nakala yake itoke.

Iko programu ya bure iitwayo rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, ambayo inafaa sana njia nyembamba. Haipeleki faili nzima kila siku. Mashine ya hapa na mashine ya kule hulikata faili vipande vipande, zikapiga hesabu fupi ya kila kipande, kisha zikalinganisha hesabu hizo. Kipande ambacho hakikubadilika hakisafiri. Kilichobadilika peke yake ndicho kinachopelekwa. Ni kama karani wa tawi na karani wa makao makuu wenye madaftari mawili yanayofanana: hawaandikiani daftari zima upya, huambiana tu ukurasa upi una mstari mpya.

Hapa pana mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, nakala ya mwanzo, ile ya saa 9, isipelekwe kwa njia ya intaneti. Itiwe katika diski, diski ifungwe kwa neno la siri, ipelekwe mjini kwa mkono wa mtu mwaminifu, hata kwa bodaboda. Baada ya hapo usiku unachukua nyongeza tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, kazi ya nakala ipangwe saa ambazo ofisi imelala, tuseme saa saba usiku, ili mchana njia ibaki kwa wanachama.

Tatu, kitabu kinachoandikwa kisinakiliwe huku kinaandikwa. Programu ya hesabu itoe kwanza nakala iliyofungwa, kama vile karani anavyopiga mstari chini ya hesabu za siku, ndipo rsync iichukue hiyo.

Na nakala ziwe tatu: moja ndani ya seva, moja katika diski iliyofungiwa kabatini, moja mbali na ofisi. Kila mwezi kamati ichukue nakala moja na kujaribu kuifungua. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu.

NANI ANAYEIMALIZA NJIA

Tulipochunguza malalamiko ya njia nzito, mara nyingi kosa halikuwa la seva. Simu za wageni na za makarani zilikuwa zimeunganishwa ofisini, zikipandisha picha na video zenyewe. Mahali pengine kompyuta sita zilikuwa zikishusha marekebisho yale yale ya programu, kila moja peke yake. Ikiwa marekebisho ni megabaiti 500, kompyuta sita hushusha megabaiti 3,000, na kifurushi cha mwezi huyeyuka. Tena tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda limetozwa ushuru wa asilimia 12, basi kila megabaiti ya bure ya mtu ni shilingi ya chama.

Dawa yake si ugomvi. Seva yenyewe yaweza kushusha marekebisho mara moja usiku, ikayagawa kwa kompyuta nyingine kwa waya wa ndani. Ruta nayo hupangwa ili kazi za chama zipite mbele na simu zingoje nyuma. Kama ruta ni dhaifu, iko programu ya bure iitwayo OpenWrt ambayo huziwezesha ruta za aina nyingi kuipanga foleni vizuri, ili faili moja kubwa lisiwazibie wote. Na mkutano wa wanachama upitishe kanuni: intaneti ya chama ni kama gari la chama, haitumiki kwa safari za mtu binafsi.

MLANGO WA NJE

Makarani wengine hupenda kuifikia seva wakiwa nyumbani au mjini. Hapo tahadhari ni kubwa. Mlango ukifunguliwa kwa dunia nzima, haipiti siku moja kabla ya wezi wa mbali kuanza kuujaribu kwa mashine zinazobahatisha maneno ya siri bila kuchoka.

Aidha, kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa pamoja, hivyo hata ukitaka kuiita seva yako kutoka nje, wito haufiki. Jambo hili huwasumbua wengi, lakini lina ufumbuzi. Seva ya ofisini ndiyo ipige hodi nje. Chama hukodi mashine ndogo yenye anwani ya kudumu, na seva yetu huiendea kwa njia ya siri iliyofungwa, kwa programu kama WireGuard. Mwenye ruhusa naye huingia kwa njia hiyo hiyo. Wengine wote hukuta ukuta.

UMEME NA RADI

Seva isiyo na umeme ni sanduku. Hapa tena hesabu itusaidie. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ili idumu afadhali kutumia nusu yake, yaani 600. Kompyuta kubwa ya zamani yaweza kula wati 80: betri hiyo itaibeba saa 7 na nusu. Mashine ndogo ya kisasa pamoja na ruta huweza kula wati 20 tu: betri ile ile itazibeba kama saa 30, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Kwa hiyo mashine ndogo si ya kudharauliwa. Kazi ya chama cha watu elfu haihitaji nguvu kubwa, inahitaji mashine isiyozimika.

Milima yetu ina radi nyingi. Waya wa ardhi na kifaa cha kuzuia msukumo wa umeme visiachwe kwa kubana matumizi. Waya wa kompyuta usipitishwe nje kutoka jengo hadi jengo, maana huibeba radi mpaka ndani ya mashine.

UFUNGUO UKO KWA NANI

Tumezungumza waya na betri, lakini jambo kubwa ni la watu. Mashine ikiwa ya chama na neno la siri likiwa kichwani mwa mtu mmoja, basi mashine ni ya mtu huyo. Akifa, akiacha kazi, au akiwa na nia mbaya, chama kimekwisha. Maneno ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyopigwa lakiri, na kufungiwa mahali ambapo haiwezi kufunguliwa ila na watu wawili wa kamati wakiwa pamoja. Kila karani aingie kwa jina lake mwenyewe, na programu iandike nani alibadili nini na saa ngapi. Kurasa za daftari la zamani ziliweza kuchanwa. Za mashine iliyopangwa vizuri huacha alama.

Tena kijitabu cha mwanachama kisifutwe kwa sababu kompyuta imekuja. Kibaki mkononi mwake, kipigwe muhuri kila anapoweka akiba. Siku kijitabu na mashine vikitofautiana, pana ushahidi wa pande mbili. Jumla za chama zibandikwe ubaoni kila mwezi, lakini akiba ya mtu mmoja mmoja isitangazwe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka huo huo, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Deni la mchumaji si habari ya kusimuliwa na nyapara.

KABLA YA KUNUNUA

Hatusemi kila chama kikimbilie kununua seva. Chama cha watu thelathini chaweza kuendelea na daftari zuri na kompyuta moja yenye nakala. Chama kilichoko mjini, chenye waya wa uhakika, chaweza kulipia huduma ya mbali, mradi kwanza kiulize kama kitapata nakala yake kamili siku kikitaka kuondoka. Lakini chama kilichoko shambani, chenye wanachama wengi na njia inayokatika, kisikubali kuambiwa na mwuzaji kwamba mashine yake mwenyewe ni jambo la kizamani.

Pimeni njia yenu kwanza, asubuhi, mchana na usiku, kwa juma zima. Andikeni kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha peke yake. Orodhesheni yale ambayo lazima yatoke nje na yale yasiyo na haja ya kutoka. Chagueni vijana wawili wa chama, mwanamume na mwanamke, wafundishwe kuitunza mashine, ili tusimtegemee fundi wa kuitwa kutoka Kampala. Kisha pelekeni jambo hilo mkutanoni, wanachama waamue wenyewe.

Akiba ile ilitokana na vidole vilivyochuma majani tangu alfajiri, juani na mvuani. Mwenye akiba akija mezani siku ya shida, intaneti iwepo au isiwepo, apate jibu la hesabu yake siku hiyo hiyo.